Katuni darasani Lamu: ya kununua, ya kuchora, ya kompyuta au ya simu?

Mwalimu anayetaka kufundisha kwa katuni hapa Lamu ana njia nne za kuchagua. Anaweza kutafuta katuni iliyokwisha kuchapishwa akawapa wanafunzi waisome. Anaweza kuwapa karatasi na penseli wachore yao. Anaweza kuwafungulia programu yenye wahusika waliochorwa tayari, wao wakawapanga na kuwatia maneno. Na anaweza kushika simu, wanafunzi wakaigiza au wakaenda mahali kupiga picha, kisha picha zikafuatanishwa na kuandikiwa.

Wengi huchagua kwa bei, au kwa ile inayopendeza machoni. Mimi naona la kutazama kwanza ni nani anayeifanya kazi ya kufikiri. Katuni unayosoma hukufundisha kwa namna moja, na katuni unayotunga hukufundisha kwa namna nyingine kabisa. Katika madarasa yetu mengi hii ya pili ndiyo yenye faida kubwa, hata watu wakiwa wamechorwa kwa mistari mitano na duara la kichwa. Lakini si kila somo, wala si kila mwanafunzi, na ndiyo maana nataka tuzitazame njia hizi moja baada ya nyingine kwa masomo halisi. (Nisemapo katuni nakusudia ile ya karatasi, visanduku vinavyofuatana, si ya televisheni.)

Kwa nini katuni, na si kitabu au video

Katuni haikuingia shuleni jana. Rodolphe Töpffer, Mswisi anayehesabiwa miongoni mwa waasisi wa sanaa hii, alikuwa mwalimu aliyeendesha shule Geneva, na hadithi zake za picha za miaka ya 1830 zilianza kama burudani kwa wanafunzi na marafiki zake. Karne moja baadaye jeshi la Marekani liliona jambo hilo hilo kwa jicho la kazi: askari hawasomi vitabu vinene vya kutunza magari, ila wanafuata picha zenye hatua. Mwaka 1951 likaanzisha jarida liitwalo PS, na mchoraji Will Eisner akasimamia michoro yake hadi 1971.

Kuhusu video, mfano ninaoupenda ni wa Gene Luen Yang, mchoraji na mwalimu wa California. Alikuwa akimshikia mwenzake kipindi cha hisabati, na kazi nyingine zikawa zinamfanya akose madarasa. Akajirekodi kwenye video, wanafunzi hawakupendezwa. Akachora masomo yale yale kwa katuni, na hizo wakazitaka, hata akawa anaombwa katuni siku ambazo yuko darasani. Sababu aliyoieleza ni nyepesi na ya kweli. Video hukimbia kwa mwendo wake yenyewe, na asiyeelewa inabidi airudishe nyuma na kutafuta pale alipopotea. Katika katuni kilichopita na kinachokuja vyote viko mbele yako kwenye ukurasa mmoja, na mwendo unaushika wewe kwa jicho lako. Kwa Lamu ongeza kwamba karatasi haidai umeme wala bando, na shule iliyoko Faza au Kizingitini, kule kisiwani Pate, inaweza kuitumia sawasawa na ya Amu, yaani Lamu mjini.

Upande wa kitabu cha kiada mambo hayako wazi namna hiyo. Tuchukue mikoko, somo ambalo mtoto wa hapa analo mlangoni, kwa kuwa zaidi ya nusu ya misitu ya mikoko ya Kenya iko katika kaunti yetu. Ikiwa unataka wanafunzi watofautishe mkoko, mchu, muia, mkandaa na mlilana, katuni haitakusaidia. Hapo kinatakiwa mchoro mmoja mkubwa, ulio safi, unaoonyesha mizizi ya mkoko iliyoinama kama magongo na ile ya mchu inayochomoza matopeni, kila sehemu na jina lake. Kitabu kinashinda. Lakini ukitaka waelewe namna mkoko unavyozaa, hilo ni tukio lenye wakati ndani yake: mche huanza kumea ukiwa bado juu ya mti mzazi, huning'inia hadi ukomae, kisha huanguka. Maji yakiwa yamekupwa huweza kujichoma kwenye tope pale pale chini, na yakiwa yamejaa huelea ukachukuliwa na mkondo hadi upate tope la kushika. Kitabu huonyesha haya kwa mishale kwenye picha moja, na mtoto huona mishale tu. Katuni humpa kabla na baada, na katikati yake mwanya mtupu ambao lazima aujaze kwa akili yake: nini kimetokea baina ya picha hii na hii?

Mwanya huo ndio moyo wa jambo. Msomaji wa katuni hasukumwi, anaunganisha. Na anaunganisha vitu viwili kwa wakati mmoja, picha na neno. Mwanasaikolojia Allan Paivio wa Kanada aliandika tangu 1971 kwamba kilichoingia akilini kwa picha na kwa maneno pamoja hukumbukwa vizuri zaidi kuliko kilichoingia kwa njia moja. Mpwani hahitaji kuelezwa sana hilo: kanga ina pambo na ina jina, na anayetunzwa kanga husoma vyote viwili ndipo ajue ameambiwa nini.

Katuni iliyochapishwa

Faida yake ni ubora. Imechorwa na mtu anayejua kazi yake, maneno yamepimwa, na mtoto anaweza kuirudia nyumbani mara kumi. Kwa mwanafunzi anayesoma kwa shida, hakuna kitabu kinachomvuta kama hiki, maana asipolijua neno picha humshika mkono.

Taabu ni kuipata inayofaa. Katuni za magazetini zipo, na wazee wengi wa pwani wamejifunza kusoma Kiswahili chepesi kwa kumfuata Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo. Shujaaz, jarida la katuni lililoanza Kenya mwaka 2010 na kushinda tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2012, ilisambazwa bure ndani ya gazeti na kwa mawakala wa M-Pesa. Hiyo ni kazi nzuri kweli kweli, lakini imeandikwa kwa Sheng na imewalenga vijana: fedha, kazi, mapenzi. Mtoto wa Gredi ya 4 wa Shela hatajiona humo. Mimi ningeiweka kwenye kipindi cha Kiswahili cha wakubwa, wailinganishe lugha yake na Kiamu chao (lahaja ya Lamu) na Kiswahili sanifu, wajadili ipi hutumika wapi.

Kuna njia ya kati ambayo walimu wachache wanaijua. African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, na StoryWeaver ya Pratham Books ya India, zina hadithi za picha nyingi zinazoruhusiwa kuchapishwa, kutafsiriwa na hata kubadilishwa, mradi uwataje waliozitunga. Si katuni hasa, ni picha moja kila ukurasa na maneno chini. Lakini zichapishe, kata maneno yote, changanya kurasa, wape wanafunzi wazipange na waandike upya mazungumzo kwenye viputo, yaani vile viduara vya maneno vinavyotoka kinywani mwa mhusika. Hapo katuni ya kusoma imegeuka kuwa nusu ya kutunga, na umetumia michoro mizuri bila kumtaka mtoto awe mchoraji. Vivyo hivyo kwa kipande cha gazeti: funika maneno kwa karatasi nyeupe kabla ya kutoa kopi. Katika matumizi yote ya katuni zilizochapishwa, hili naliona la thamani kuliko yote.

Jambo moja la hapa kwetu ambalo vitabu vya walimu havilitaji. Watoto wetu asubuhi husoma kutoka kushoto kwenda kulia, na alasiri chuoni, yaani madrasa, husoma Kiarabu kutoka kulia kwenda kushoto. Wadogo wakipewa ukurasa wenye visanduku vinne, wengine huanzia kulia na hadithi huwaruka. Hawana kosa. Katuni za Kijapani zenyewe husomwa kutoka kulia. Andika namba 1, 2, 3, 4 kwenye pembe za visanduku hadi wazoee, na shida hiyo itakwisha.

Karatasi na penseli

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo njia ninayoipendekeza kwa wengi.

Utaratibu bora ninaoujua umetokana na kazi ya Leif Packalén wa World Comics Finland na Sharad Sharma wa World Comics India, ambao wamewafundisha watu wa kawaida kuchora katuni za ukutani katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo. Karatasi mbili za A4 hugundishwa pamoja zikawa bango moja. Visanduku ni vinne tu. Wino ni mweusi ili kopi itoke vizuri. Hadithi huandikwa kwanza kwa maneno, hugawanywa mara nne, ndipo mtu ashike penseli. Na ndani ya kiputo maneno huandikwa kwanza, kisha ndipo mstari wa kiputo uzungushwe. Ukianza na kiputo, neno la mwisho litakosa nafasi na litabanwa lisisomeke.

Mtu akisikia visanduku vinne hudhani ni kwa ajili ya kuokoa karatasi. Jaribu na kisa cha Fumo Liyongo, shujaa wa kale wa pwani yetu, uone. Kisa hiki watoto wa Lamu wanakijua kwa vipande, na Muhamadi Kijumwa wa hapa Lamu ndiye aliyekiandika kama utendi mwaka 1913. Kijumwa mwenyewe, ukumbuke, alikuwa mshairi, mwandishi wa hati na mchonga nakshi, kwa hivyo kuweka neno na umbo mahali pamoja si jambo geni katika mji huu.

Chukua sehemu ya gerezani peke yake. Liyongo amefungwa kwa amri ya mfalme wa Pate. Mama yake humtuma kijakazi, Saada, na chakula, na walinzi hukila kile kizuri. Liyongo anamwimbia Saada ujumbe wa mafumbo wa kumpelekea mama, walinzi wanasikia na hawaelewi. Mama anaoka mkate wa wishwa (makapi ya nafaka) na ndani yake anaficha tupa, chombo cha kukerezea chuma. Walinzi wanaudharau mkate ule, wanamwachia mfungwa. Siku ya kuuawa anaomba apigiwe ngoma ya gungu, na katika kelele za ngoma anakata minyororo.

Sasa liambie kundi la wanafunzi: nne tu. Watagombana. Mmoja atataka mnyororo unaokatika, mwingine atataka ngoma. Msichana mmoja kwenye kona atasema bila mama jikoni hakuna hadithi. Wakifika kwenye mkate watakutana na swali ambalo insha isingewauliza kamwe: tuichore tupa ionekane au isionekane? Ikionekana, msomaji anajua siri ambayo walinzi hawaijui, na atasoma visanduku vinavyofuata roho juu. Isipoonekana, atashtuka pamoja na walinzi mwishoni. Hayo ni mazungumzo ya fasihi ya hali ya juu, yanafanywa na watoto wa miaka kumi na moja, na hakuna aliyewaambia kwamba wanachambua fasihi. Mwalimu akipita tu na kuuliza "kwa nini huyu na si yule?" amemaliza kazi yake ya kipindi hicho.

Kisha linakuja suala la kugawana kazi baina ya picha na neno. Anayeanza huchora mlinzi anakula, akaandika "Mlinzi anakula." Mwonyeshe kwamba picha imekwisha kusema, basi neno liseme kile ambacho picha haiwezi: anachodhani mlinzi, au ladha ya chakula, au dharau yake kwa mkate wa wishwa. Mwanafunzi akishalishika hili, hata insha zake hubadilika, maana anaanza kujiuliza ni sentensi ipi inayofanya kazi na ipi imekaa bure.

Kasoro za njia hii nazo ni za kweli. Inakula muda: vipindi viwili ni vichache, vitatu ndivyo vinavyotosha. Wapo wanaojiona hawawezi kuchora wakakata tamaa tangu mwanzo, na kwa hao ni vizuri mwalimu achore wa kwanza ubaoni, kwa mistari michache. Kuna pia shida ya mhusika kubadilika sura kutoka kisanduku hadi kisanduku. Dawa yake ni alama moja isiyobadilika: huyu ana kofia ya viua, huyu ana bakora, huyu kanga yake ina madoa. Na darasa likiwa la wanafunzi sitini, wagawe kwa wannewanne, kila mmoja kisanduku chake, baada ya kukubaliana hadithi na alama za wahusika. Wakimaliza, bango libandikwe mahali ambapo watu wasiokuwa wa darasa hilo watalisoma, kisha mtunzi amuulize msomaji: umeelewa nini? Packalén na wenzake hulisisitiza sana hilo, na wana haki. Mtoto akiona mwenzake wa darasa jingine amekosa kuelewa kisanduku cha tatu, atakirekebisha mwenyewe bila kusukumwa.

Kuhusu alama za mtihani, usimpe mtoto alama kwa uzuri wa mkono. Tazama kama matukio yamefuatana, kama picha na neno vimegawana kazi, na kama ukweli wa somo umehifadhiwa. Ukisifu michoro mizuri, wiki ya pili watachora wale watatu tu na waliobaki watapaka rangi.

Programu za kompyuta na vishikwambi

Tangu serikali ilipoanza kupeleka vishikwambi katika shule za msingi mwaka 2016, swali la "kwa nini tusifanye kwa mashine?" limekuwa la kawaida, na lina haki ya kujibiwa vizuri.

Canva huwapa walimu wa msingi na sekondari akaunti ya bure baada ya kuthibitisha kwamba kweli ni walimu, na ina kurasa za katuni zilizopangwa tayari. Pixton na Storyboard That zina wahusika unaowachagulia mkao, uso na mavazi, lakini sehemu ya bure ni ndogo na iliyobaki ni ya kulipia. MakeBeliefsComix ya Bill Zimmerman, iliyoanza 2006, ni ya bure na nyepesi, inawafaa wadogo. Zote hizo zinataka intaneti. Krita ni ya bure pia, na ikishawekwa haihitaji mtandao, ila hiyo ni ya kuchorea hasa, inamfaa kijana wa sekondari mwenye kipaji na subira.

Zinashinda karatasi wapi? Kwa mtoto ambaye mkono wake hauwezi kushika penseli vizuri, mashine ni mlango uliofunguka. Kwa anayeona haya kuchora, pia. Kwa kusahihisha, maana neno lililokosewa linafutwa bila kuchafua ukurasa. Na mhusika anabaki vile vile mwanzo hadi mwisho.

Zinashindwa wapi? Kwanza kwenye wakati. Mpe mwanafunzi nywele ishirini na mashati thelathini ya kuchagua, kipindi kitakwisha anachagua. Pili, kwenye mahali. Hijabu utaipata, kanzu labda. Lakini baraza ya mawe, mlango wa nakshi, kichochoro ambacho punda na mtu wanapishana kwa taabu, jahazi lililoegeshwa maji yakiwa yamekupwa, hivyo huvipati kwenye ghala la picha la mtu aliye mbali. Mtoto huishia kuweka hadithi ya Pate kwenye jiko lenye friji na madirisha makubwa ya kioo. Hilo linanikera kwa dhati. Mtoto akizoea kwamba hadithi "nzuri" hutokea kwenye nyumba isiyo yao, tumempunguzia kitu ambacho somo lolote halitamrudishia. Njia ya kupatanisha ipo: mandhari ichorwe kwa mkono au ipigwe picha, kisha iingizwe kwenye programu, na wahusika wawekwe juu yake. Inachukua muda, lakini inafaa.

Simu na picha halisi

Njia hii hudharauliwa, na kwa somo la ufundi inazipita zote. Mtoto hawezi kuchora vizuri namna jahazi linavyoundwa Matondoni. Mkuku (uti wa chini wa chombo) umelala vipi, mataruma (mbavu zake) yanakaaje juu yake, mbao zinapindwa vipi, kalafati ya kuzibia inatiwaje baina ya mbao na mbao: ukiyachora kwa kukisia umefundisha uongo. Picha ya simu inaleta chombo chenyewe, na viputo vinamwachia fundi aseme kwa maneno yake. Wanafunzi wakienda na simu moja, wakapiga picha za hatua, wakaandika aliyoyasema fundi, wakarudi kuchagua picha nane kati ya zote walizopiga, wamejifunza kuhoji, kuchuja na kupanga. Na Kiswahili cha chombo, ambacho hakimo kwenye vitabu vyao, kimeingia daftarini. Fundi aombwe ruhusa kwanza, na aonyeshwe kazi ikiisha.

Hatari iko kwenye sura za watoto. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha yake ni taarifa. Sheria kando, Lamu ni mji ambao mzazi atakuuliza kwa haki kabisa picha ya bintiye inafanya nini kwenye simu ya mtu mwingine. Piga picha za mikono, vivuli, vitu na mahali. Picha zenye nyuso zibaki shuleni, zichapishwe kwa karatasi, zisiwekwe kwenye makundi ya WhatsApp.

Chuoni

Walimu wa chuo huniuliza kama katuni inawafaa, na swali hilo silichukulii mzaha. Kuna wanazuoni wengi wanaokataza kuchora chenye roho, na wapo wanaoruhusu kwa ajili ya kufundishia watoto. Si kazi yangu kuwaamulia. Katika Bukhari, mkusanyo wa hadithi za Mtume, imo habari ya mchoraji aliyemwendea swahaba Ibn Abbas, naye akamwambia kama hana budi, basi achore miti na vitu visivyo na roho. Kwa mwalimu anayefuata msimamo huo, katuni haijafungwa, maana sanaa hii haihitaji mwili wa mtu kama wengi wanavyodhani. Chora mlango uliofungwa, na viputo viwili vikitokea ndani: baba na mwana wanazungumza. Chora kisima na ndoo, maneno yakitoka nje ya kisanduku. Chora soko, na sauti za mwenye duka na mnunuzi zikibishana juu ya mizani iliyopunjwa. Hadithi za adabu na uaminifu hutimia bila uso hata mmoja, na wanafunzi hulazimika kuyafanya maneno yabebe tabia ya anayesema. Shauriana na ustadh na wazazi kabla ya siku ya kwanza, usingoje walalamike.

Kwa chuo, basi, karatasi na penseli ndiyo chaguo langu bila kusita. Programu zimejaa sura za watu na simu ina mambo yake.

Pale ambapo ningeiacha katuni kabisa

Maji kujaa na kupwa: shuka forodhani na wanafunzi asubuhi na alasiri, wapige alama ukutani, warudi wakati wa bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na wakati wa maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo). Picha haiwezi kushindana na bahari iliyoko hatua mia moja kutoka darasani.

Utendi wenyewe, kama utendi. Nimesifu katuni ya Liyongo, lakini ile ni ya kisa. Mizani nane nane, kina kimoja katika vipande vitatu vya mwanzo na kina cha mwisho kinachokwenda ubeti hadi ubeti, hivyo huingia kwa sikio. Ukiufanya utendi mazungumzo ya viputo umeuvunja. Waghani kwanza kwa sauti, wapewe mtu anayejua mahadhi, kisha wachore, na ubeti uandikwe mzima chini ya kisanduku.

Na mada yoyote ambayo kichekesho kinaweza kuizidi. Richard Mayer, mtafiti wa Marekani wa namna watu wanavyojifunza kwa maneno na picha, ameonyesha kwamba vinogesho visivyohusiana na somo hupunguza kinachojifunzwa. Weka kaa mchekeshaji kwenye katuni ya mikoko, na wiki inayofuata watamkumbuka kaa na kusahau mche. Kaa akiwepo awe na kazi: yeye ndiye anayetoboa tope hewa ikaingia, basi acheke akiwa anatoboa.

Uamuzi

Gredi ya 1 hadi ya 3: hadithi za picha zilizochapishwa, maneno yakiwa yamekatwa, visanduku vina namba. Gredi ya 4 hadi ya 6: karatasi, visanduku vinne, bango la ukutani, na nakwambia usihangaike na kingine mwaka wa kwanza. Sekondari msingi: karatasi kwa fasihi na historia, simu kwa ufundi na mazingira, na kompyuta kwa wale tu walio na sababu ya kuihitaji. Madarasa ya watu wazima wanaojifunza kusoma: katuni zilizochapishwa kuhusu afya na fedha, kisha wao wasimulie mikasa yao na mwalimu achore, maana mtu mzima huona haya kushika penseli ya rangi mbele ya wenziwe.

Kama shule ina fedha ya kitu kimoja tu, nunua kalamu nyeusi za wino mzito na rimu ya A4. Ikipatikana ya pili, ni ya kutoa kopi, ili kila mtoto aende nyumbani na bango la kundi lake. Leseni ya programu ije baada ya hapo, na iamuliwe na mwalimu atakayeitumia, si na anayeiuza.